Bati la Bibi linauma: nani amepima uga wa laini kubwa Singida?



Likizo iliyopita nilikuwa Ikungi kwa Bibi. Asubuhi ya pili akaniambia nikaanike mashuka, lakini nisiguse waya wa kuanikia kabla hajaupiga na ule mti wake. Nikacheka. Akaniambia, "Cheka tu mke mwenzangu, ukishaumwa utanyamaza." Nikaugusa. Ukaniuma. Sio kama kushika waya wa umeme wa nyumbani, ni kachomo kadogo kama ka siafu, lakini unaruka.

Juu yetu, hatua chache kutoka mwisho wa shamba lake la alizeti, inapita laini kubwa. Usiku kukiwa na unyevu inavuma kama mzinga wa nyuki. Bati la banda la kuku nalo linauma siku nyingine. Bibi anaishi na hayo miaka sasa, na amejitungia kanuni zake za usalama: waya unapigwa kwanza na mti mkavu, watoto hawachezi chini ya minara, na mjukuu mwenye mimba hatakiwi kulala chumba cha upande ule. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikaa rohoni. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema, "Watu wanasema." Na watu wa serikali wanasemaje? "Hao walikuja na rangi na futi. Walipima shamba. Mimi hawakunipima."

Nimerudi chuo na sentensi hiyo kichwani. Tunasoma sheria ya mazingira muhula huu, kwa hiyo nimeamua kuifanyia kazi kwa njia ninayoijua, yaani kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na nadhani kijana yeyote wa Singida anayetaka kuongoza watu wake inabidi ayajue.

Singida ni njia panda ya umeme

Tukiambiwa umeme wa maji, akili inaenda Rufiji, Kidatu, Mtera na Kihansi. Singida hatuna bwawa hata moja la umeme. Tuna Singidani na Kindai, ziwa la chumvi na flamingo. Lakini umeme wa maji unazalishwa kusini na mashariki, na mahitaji mengine makubwa yako kaskazini na kanda ya ziwa, kwenye migodi na miji. Katikati hapo tupo sisi.

Laini ya kilovoti 220 ilipita kwetu zamani. Miaka ya 2010 ikajengwa nyingine sambamba nayo, ya kilovoti 400, kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, Japani na Korea. Wenyewe waliuita mradi ule uti wa mgongo wa gridi. Kisha ikaja ya Singida kupitia Babati na Arusha hadi Namanga, kuunganisha na Isinya Kenya, nayo ya kilovoti 400. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Megawati zote hizo zina njia za kupita, na njia nyingine ni hii inayovuma juu ya alizeti za Bibi.

Niweke wazi mapema, maana najua wapo watakaochukua kipande na kukirusha kwenye magrupu ya WhatsApp: mimi sipingi laini. Nimesoma sekondari kwa kibatari, siwezi kupinga umeme. Ninachouliza ni kwamba ukimpitishia mtu kilovoti 400 karibu na kitanda chake, unamdai nini, na yeye anakudai nini.

Uga ni nini, na sayansi inasemaje

Waya wenye umeme unazungukwa na vitu viwili. Kuna uga wa umeme, unaotegemea msongo, yaani hizo kilovoti. Na kuna uga wa sumaku, unaotegemea mkondo, yaani ni mzigo kiasi gani unapita kwa wakati huo. Uga wa umeme unazuiwa kirahisi na ukuta au miti. Uga wa sumaku unapita ukutani kama vile ukuta haupo. Habari njema ni kwamba zote mbili zinapungua haraka kadiri unavyosogea mbali na waya.

Ile inayomuuma Bibi ni ya kwanza. Bati au waya mrefu ambao haujaunganishwa na ardhi, ukikaa kwenye uga wa umeme, unakusanya chaji. Ukigusa, chaji inapita kwako kwenda chini. Dawa yake inajulikana kote duniani: fundi mwenye ujuzi anaunganisha bati, uzio na waya wa kuanikia na ardhi, basi, kachomo kanaisha. Ni kazi ya nusu siku. (Usijaribu mwenyewe, na usipande juu ya bati.) Yaani Bibi amepiga waya na mti miaka yote hiyo kwa kukosa kitu ambacho kingefanywa siku ileile minara inasimamishwa.

Ile inayomtisha, ya mimba na watoto, ni habari nyingine, na hapa inabidi tuwe waaminifu.

Hofu hii haikuanzia Ikungi. Mwaka 1979 huko Denver, Marekani, Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti uliohusisha nyaya za umeme za mitaani na saratani kwa watoto. Tangu hapo tafiti zimefanyika nyingi. Mwaka 2000 wanasayansi walikusanya tafiti tisa kutoka Ulaya, Amerika ya Kaskazini na New Zealand, wakaona kwamba watoto wachache waliokuwa wakiishi kwenye uga wa sumaku wa wastani wa mikrotesla 0.4 na kuzidi, walikuwa na saratani ya damu kama mara mbili ya wengine. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, likauweka uga huu kwenye kundi la 2B, yaani kitu ambacho huenda kinasababisha saratani, lakini ushahidi ni mdogo.

Huenda. Sio kwamba kinasababisha. Maabara hawajapata namna ambayo uga mdogo hivyo ungeharibu seli, na inawezekana kuna sababu nyingine iliyojificha kwenye takwimu. Shirika la Afya Duniani lilipiga hesabu: hata kama uhusiano huo ni wa kweli, ungekuwa sababu ya wagonjwa kati ya 100 na 2,400 kwa mwaka dunia nzima, katika watoto wapatao 49,000 wanaopata ugonjwa huo. Kuhusu mimba kuharibika na mengineyo wanayosema watu, ushahidi ni dhaifu zaidi ya hapo. Na hii sio mionzi kama ya eksirei. Ni mionzi isiyoayonisha, haina nguvu ya kuvunja seli kwa namna ile.

Kwa hiyo Bibi akiniuliza kama laini itamuua mjukuu wake, jibu langu ni hapana, hakuna aliyethibitisha hivyo, na hatari kubwa zaidi kwa mtoto wa Ikungi ni malaria na maji machafu. Nimemwambia hivyo. Mwanasiasa wa upinzani atakayepanda jukwaani kusema laini zinaleta saratani ili apigiwe makofi atakuwa anawadanganya watu, na sisi hatutaki kuwa hao.

Lakini angalia vitu viwili. Cha kwanza, katika zile tafiti tisa hakuna hata moja iliyotoka Afrika. Tunaazima majibu ya Stockholm na kuyafunga juu ya nyumba ya tembe. Cha pili, viwango vya kimataifa vilivyopo vinazuia madhara ya papo kwa papo. ICNIRP, jopo la kimataifa ambalo nchi nyingi zinafuata viwango vyake, mwaka 2010 liliweka mikrotesla 200 kwa raia wa kawaida kwenye umeme kama wetu wa hezi 50, na kilovoti 5 kwa mita kwa uga wa umeme. Kabla ya hapo, mwaka 1998, ilikuwa mikrotesla 100. Kati ya 0.4 inayotia wasiwasi na 200 inayoruhusiwa kuna pengo la mara mia tano. Ndani ya pengo hilo sayansi inasema "huenda", na hapo ndipo sheria inapaswa kufanya kazi.

Wenzetu wameamua nini? Italia, mwaka 2003, ilibakiza kikomo cha 100 lakini ikasema laini mpya karibu na nyumba, shule na viwanja vya watoto zilenge mikrotesla 3. Uswisi imeweka 1 kwa mitambo mipya kwenye sehemu wanazokaa watu. Uholanzi mwaka 2005 iliwashauri waendeshaji na halmashauri zisijengwe nyumba na shule mpya pale ambapo wastani unazidi 0.4. Hawa hawakusubiri uhakika. Walisema hivi: kama kuepuka ni rahisi wakati wa kuchora ramani, epuka. Hata Shirika la Afya Duniani, ambalo halikubali kushusha viwango kiholela, linasema tahadhari za gharama ndogo zinafaa.

Na laini ni rahisi kuisogeza ikiwa bado penseli. Ikishakuwa chuma ni kesi nyingine.

Sheria yetu inasemaje

Hapa ndipo nilipokasirika, maana sheria sio mbaya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, na kinaiambia mahakama iongozwe na kanuni kadhaa, ya kwanza ikiwa ni kanuni ya tahadhari. Kifungu cha 7 kinaeleza kanuni hiyo: panapokuwa na hatari ya madhara makubwa yasiyorekebishika, kukosekana kwa uhakika wa kisayansi kusiwe sababu ya kutochukua hatua. Miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na kifungu cha 178 kinatoa haki ya umma kushirikishwa. Kanuni za 2005 zinataka ripoti ile iwe na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Upande wa nishati, tuna Sheria ya Umeme ya 2008 na Sheria ya EWURA ya 2001. Bila leseni huruhusiwi kusafirisha umeme, na leseni ina masharti. EWURA imezoea kutangaza maombi ya leseni magazetini na kuita maoni. Bei ya umeme ikitaka kupanda, EWURA inaitisha mkutano wa taftishi, watu wanakaa ukumbini, Baraza la Watumiaji linasimama, mabishano yanakuwa makali. Safi kabisa. Usiporidhika na uamuzi, kuna Baraza la Ushindani.

Na mionzi? Tuna Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, chini ya sheria ya 2003. Hawa wana vifaa, na wanapima hadi minara ya simu.

Sasa unganisha hivyo vipande. NEMC inashughulika na mazingira, EWURA inashughulika na leseni, TAEC ina kipimo, halmashauri ina ramani za ardhi, na mthamini anahesabu miembe. Bibi anapitiwa na wote hao na hakuna hata mmoja anayemwambia namba. Kila ofisi ikiulizwa inaonesha kidole ofisi ya jirani. Mimi mwenyewe niliandika barua kwenye ofisi moja ya umma, nikaomba kipimo cha uga kwa nyumba zilizo kando ya laini. Nikaambiwa kwa mdomo, "Hiyo ilishapitishwa." Nikasema sawa, naomba karatasi iliyopitisha. Bado nasubiri.

Mlinganisho ni huu: kuhusu shilingi ya uniti tunaitiwa taftishi. Kuhusu uga unaopita kwenye ukuta wa chumba cha mtoto, tunaitiwa rangi na futi.

Na tangazo la gazetini? Gazeti gani linafika kitongojini siku hiyohiyo? Tangazo lililobandikwa Dar es Salaam kwa ajili ya mtu wa Ikungi ni sawa na kumnong'oneza kiziwi. Kisheria umemwambia, kwa ukweli hukumwambia.

Waliowahi kuuliza mahakamani

Kuna kesi moja nataka kila kamanda aifahamu. Islamabad, Pakistan, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ya maji na umeme ilianza kujenga kituo cha kupoza umeme katikati ya makazi, kwenye eneo la kijani. Wakazi wa mtaa ule walipinga. Waliandika barua kwa Mahakama ya Juu. Barua tu. Mahakama ikaigeuza kuwa shauri: Shehla Zia dhidi ya WAPDA, lililoamuliwa mwaka 1994.

Serikali ilijitetea kwamba hakuna ushahidi uga unadhuru. Wakazi wakaleta majarida kwamba huenda unadhuru. Mahakama haikujifanya maabara. Ilisema haki ya kuishi sio kupumua tu, ni kuishi kwa heshima katika mazingira yanayofaa, na pale sayansi inapobishana, mwenye kujenga ndiye achukue tahadhari. Ikateua wataalamu wakachunguze, na ikaagiza kwamba kuanzia hapo, kabla ya kujenga kituo au kupitisha laini, mamlaka itoe tangazo magazetini, redioni na kwenye televisheni, ipokee pingamizi, na iwasikilize watu hadharani ndipo iamue.

Hawakushinda kwa kuthibitisha saratani. Walishinda kwa hoja ya tahadhari, na watu wakapata haki ya kuulizwa kwanza.

Utasema hiyo ni Pakistan. Haya, turudi Tabata. Wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya dampo na moshi wake. Walishinda, na jiji likawa linarudi mahakamani kuomba muda uongezwe. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akasema imetosha. Akaunganisha moshi ule na ibara ya 14 ya Katiba yetu, haki ya kuishi. Hiyo ni Mahakama Kuu ya Tanzania, miaka mitatu kabla ya Islamabad. Msingi tunao, tena wa kwetu.

Na Singida tuna urithi kwenye hili. Kabla watu hawajamjua Tundu Lissu kama mbunge, mwana huyu wa Ikungi alikuwa wakili wa mazingira pale LEAT, akisimama na wananchi wa maeneo ya migodi. Vijana wengi wanaijua sauti yake ya jukwaani. Mimi nawashauri mjifunze kazi ile ya kimyakimya aliyoanza nayo, ya mafaili.

Mlango wenyewe ulifanywa mwembamba, ni kweli. Mwaka 2020 Bunge lilibadili sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, ikamtaka anayekwenda mahakamani aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Marekebisho yale yalilenga kuwafungia nje wanaotetea wengine, na yalipingwa mahakamani. Ukiishtaki serikali, bado kuna notisi ya siku 90. Lakini jamani, nani ameathirika binafsi kuliko mwanamke ambaye waya wake wa kuanikia unamuuma kila asubuhi? Hata mlango ule mwembamba, Bibi anapita.

Wanaosema tunachelewesha maendeleo

Nimeshazisikia hoja zao, na zinastahili jibu.

Wanasema tahadhari ni gharama. Nyingine ndiyo, nyingine hapana. Kuzika kilovoti 400 ardhini kwa kilomita mia ni gharama kubwa mno, siombi hilo. Kusogeza mstari kwenye ramani kabla ya ujenzi ili ukwepe shule, kupanga nyaya ili uga wa moja upunguze wa mwingine, kuunganisha mabati na ardhi, kupima na kubandika matokeo ofisi ya kijiji: hizo ni gharama ndogo kwenye mradi wa mabilioni.

Wanasema mkuza umeshawalinda, nyumba zilizokuwa ndani zililipwa fidia zikaondoka. Mkuza umepangwa hasa ili mnara au waya ukianguka usiue mtu, na mafundi wapate njia. Aliye mita mbili nje ya mkuza hakulipwa kitu, na uga hausomi mawe ya mpaka. Anayelipwa na asiyelipwa wanatenganishwa na futi. Angalau huyo wa nje apewe namba.

Wanasema ukiwapa watu namba utawatia hofu. Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu ni kudhani mwanakijiji hana akili. Bibi tayari ana hofu! Amehamisha kitanda cha mjukuu kwa sababu ya "watu wanasema". Kama angejua kwamba mikrotesla chumbani kwake ni 0.2, au ni 2, angeamua mwenyewe kwa akili timamu kama kitanda kihame au kibaki. Hofu haiondoki kwa kunyamaziwa.

Na jambo la mwisho, ambalo wachache wanalisema: kipimo cha mara moja hakitoshi. Nimesema uga wa sumaku unafuata mzigo. Laini iliyopimwa ikiwa nusu tupu sio laini hiyohiyo umeme wa Rufiji ukijaa na biashara na Kenya ikichangamka. Sharti la leseni linalotaka kipimo siku ya uzinduzi halafu basi ni sawa na kupima presha ya mgonjwa akiwa amelala na kumruhusu akimbie marathoni.

Tunachodai

Kwanza, EWURA iweke kwenye masharti ya leseni ya kusafirisha umeme kikomo cha uga, na lengo la chini zaidi kwa laini mpya karibu na nyumba, shule na zahanati. Iandike kwa Kiswahili. Bunge lilishakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, basi tukione kazini.

Pili, TAEC ipime kando ya laini zote za kilovoti 220 na 400 mkoani Singida, irudie mzigo unapoongezeka, na matokeo yabandikwe ofisi za vijiji. Sio kwenye tovuti peke yake.

Tatu, kabla ya laini mpya, mkutano wa kusikiliza watu ufanyike kwenye vijiji inakopita, kwa utaratibu uleule wa taftishi ya bei.

Nne, mabati, nyuzio na waya za watu walio karibu na laini ziunganishwe na ardhi kwa gharama ya mwenye laini. Hili halihitaji utafiti wala kamati, linahitaji fundi na gari.

Na sisi tufanye nini? Makamanda wa Ikungi, Manyoni, Iramba na Singida Vijijini, kabla hatujafikia mahakama, tuanze na daftari. Tembea na laini kwenye kijiji chako. Andika ni nyumba ngapi ziko karibu, shule ipi, bati lipi linauma. Kisha barua, kwa jina lako na sahihi yako, iende EWURA, nakala NEMC na TAEC, kwa kutumia haki ya taarifa iliyopo kwenye ibara ya 18 ya Katiba. Tunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Islamabad ilianza na barua, na barua moja hupuuzwa kirahisi kuliko barua mia mbili zenye mihuri.

Na wana chama ambao sio wetu, karibuni. Laini haiulizi kadi.

Jana nilimpigia Bibi, nikamwambia nimeandika juu ya waya wake. Akauliza kama sasa watakuja kumpima. Nikamwambia bado, ila wataulizwa kwa nini hawajaja. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, basi yule mti wake hautupi kwanza.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu na mwanachama wa jumuiya ya vijana, mkoa wa Singida.*